Bati Kabla ya Rangi

Kukicha baada ya mvua, kazi ya kwanza ya Serwaa haikuwa kuwasha moto. Ilikuwa kumwaga ndoo. Alipita chumba hadi chumba akimwaga maji yaliyodondoka kutoka darini, na wapangaji wake walimtazama bila kumsalimu.

Ukipita barabarani hungejua. Kwa mbele, nyumba ile ya Kumasi ilikuwa na rangi ya maziwa, vigae vinavyong'aa na geti jipya. Yote yalifanywa mwaka uliopita, mumewe Frimpong alipofariki. Maiti iliachwa mochwari wiki nyingi ili nyumba ipambwe kwanza, kama ilivyo desturi. Shemeji yake, mzee Adusei, mkuu wa ukoo, alisema ndugu yake hatatolewa kwenye nyumba chakavu.

Pesa zilitoka kwa wapangaji. Vyumba vinne vilikuwa vimelipiwa kodi ya miaka miwili mbele. Zote ziliishia ukutani. Bati lililotoboka halikuguswa, kwa sababu mgeni wa mazishi hapandi juu ya paa.

Sasa Serwaa hakuwa na kitu. Wapangaji wangekaa mwaka mzima mwingine bila kumpa hata sedi moja, na hawakuwa na kosa. Aliuza kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, getini. Faida ilitosha sabuni na samaki wadogo. Alipoona wingu linakuja, alikimbilia ndoo.

Alasiri moja dari liliangukia cherehani ya Dede, fundi nguo wa chumba cha nyuma. Dede aliipangusa mashine kwa gauni lake, kisha akamfuata Serwaa jikoni.

"Mama mwenye nyumba, nirudishie kodi yangu iliyobaki niondoke. Na wenzangu watatu wanasema hivyo hivyo."

Serwaa alikaa chini palepale, kwenye sakafu yenye maji. Wote wanne wakidai, nyumba ingeuzwa. Hakuwa na kingine cha kumlishia binti yake.

Alikwenda kwa jirani yake Dufie, mwanamke mwenye nyumba mbili za kupangisha na ulimi usio na breki. Alimweleza yote huku akilia. Dufie alimwacha alie mpaka akamaliza.

"Umemvisha maiti suti, walio hai umewaacha uchi," alisema. "Sasa nisikilize, dada. Kodi ya miaka miwili si yako siku unapoipokea. Ni ya miezi ambayo haijafika. Mwezi ukipita, ndipo sehemu yake inakuwa yako. Na hiyo nayo, toa kwanza fungu la matengenezo, uliweke benki. Usiliguse hata kwa msiba."

Yeye mwenyewe, alieleza, hapokei kodi ya zaidi ya miezi sita mbele. Kisha akafafanua namna ya kutengeneza nyumba. Kazi huanzia juu: bati, mbao za paa, mifereji ya maji. Halafu nyaya za umeme, halafu choo. Rangi ni ya mwisho. Uliza bei kwa mafundi wawili au watatu, nunua vifaa mwenyewe, mlipe fundi kadiri kazi inavyokwenda.

"Na malipo ya mwisho usimpe mpaka mvua inyeshe na sakafu ibaki kavu," alisema.

"Nianze na nini, Dufie? Sina kitu."

"Unalala wapi?"

"Chumba kikubwa cha mbele."

"Na bado unaniambia huna kitu? Kipangishe, na safari hii moja tu kodi yake ianze na bati."

Serwaa na binti yake walihamia stoo, kati ya magunia ya mahindi na kuni. Binti aliuliza watakaa humo mpaka lini. Mama yake akasogeza gunia, akatandika mkeka. Chumba cha mbele alikichukua karani mmoja, akalipa miezi sita.

Wiki hiyohiyo mzee Adusei alifika. Mwaka wa marehemu ulikuwa unatimia, wageni wangekuja, na ukuta ulikuwa umechafuka kwa tope. Alitaka kodi ya karani ilipie rangi, mahema na vitambaa vyeupe vya ukoo. Serwaa alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Asubuhi alinunua mabati na misumari kwa kodi hiyo, akamwita fundi.

Fundi alipomaliza, mvua ilinyesha siku tatu. Serwaa alipita chumba hadi chumba akipapasa sakafu kwa kiganja. Palikuwa pakavu. Akamlipa fundi fungu lake la mwisho. Dede alirudisha mashine yake mahali pake, akasema atabaki. Wale wengine hawakudai tena. Mwezi wa kwanza wa karani ulipokwisha, Serwaa akaenda benki kuweka fungu la matengenezo kutoka kodi yake iliyobaki.

Siku ya kumbukumbu wageni walikaa juani bila mahema, mbele ya ukuta wenye madoa mekundu ya tope. Wengine walinong'ona, wengine walicheka waziwazi. Mzee Adusei alisimama.

"Shemeji, umemwaibisha ndugu yangu hata kaburini. Omba radhi mbele ya ukoo."

Serwaa alimpenda Frimpong. Mnong'ono ule ulimchoma, na alijua jioni angerudi kulala stoo. Alisimama.

"Ingieni ndani mtazame dari, mzee," alisema. "Radhi siombi."

"Serwaa."

"Siombi."