Alichojaza Kaingu Kwenye Fomu

"Karibu uketi, Eddah. Tulitakiwa tuwe watatu, lakini leo tuko wawili. Tutaanza hivyo hivyo."

Eddah Odera aliketi, macho yake kwenye kiti kilichokuwa kitupu. Barua ya kumwita kwenye mahojiano ilikuwa na majina matatu ya watakaomsikiliza, na jina la tatu lilikuwa la Kaingu Menza. Ndilo lililomfanya alale vizuri jana yake.

"Waniskia, mwanangu?"

"Nakusikia, Bi Mahira. Samahani."

Bi Mahira ndiye aliyekuwa mkuu wa Mpango wa Nyanyua, uliokuwa na ofisi zake kwenye ghorofa ya juu ya nyumba moja ya Mji wa Kale. Mpango huo uliwasaidia wanawake wenye biashara ndogo wafike mahali pa kuajiri watu. Atakayechaguliwa angepewa vifaa, na mishahara ya wafanyakazi wake wawili wa kwanza ingelipwa na mpango kwa miezi sita. Eddah alikuwa fundi wa friji. Karakana yake ilikuwa Bondeni, chumba kimoja chenye mlango wa bati, na kwa miaka minne alikuwa amefanya kazi peke yake.

"Hebu nieleze," Bi Mahira akasema. "Kwa nini wataka wasichana wawili? Mmoja hatoshi?"

"Friza ya duka la samaki hainyanyuliwi na mtu mmoja, mama. Halafu kuna jambo jingine. Mwanamke akiitwa nyumbani kwa mtu kutengeneza friji, hajui atamkuta nani ndani. Mimi nimeshakimbia na kuacha vifaa vyangu mara mbili. Wakienda wawili, hawatakimbia."

Bi Mahira aliacha kuandika, akamtazama kidogo, kisha akaendelea kuandika.

Eddah alipotoka tu, alimpigia Kaingu simu akiwa bado kwenye ngazi.

"Kaingu, ulikuwa wapi?"

"Habari za mchana, Eddah."

"Nzuri. Ulikuwa wapi?"

"Siwezi kuzungumza nawe mambo ya mahojiano mpaka majibu yatoke."

"Sijakuuliza mahojiano. Nimekuuliza ulikuwa wapi."

Kaingu akasema, polepole, "Hilo nalo ni la mahojiano. Nisamehe. Nitakueleza."

Simu ikakatika.

Walikuwa wamejuana tangu Januari, Kaingu, ofisa wa mpango huo, alipowafundisha wanawake ishirini namna ya kuendesha biashara, kila Jumanne kwa wiki sita. Mafunzo yalipokwisha, Jumanne hazikukoma. Walikutana kwenye bustani ya Mama Ngina jioni, wakanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, wakatembea kando ya bahari wakizungumza mpaka watu wanaanza kupungua. Kaingu alijua majina ya wateja wote wabishi wa Eddah. Eddah alijua kwamba Kaingu alilelewa Kaloleni na nyanya yake, na kwamba hawezi kula pweza. Lakini neno lenyewe, lile ambalo mwanamume humwambia mwanamke, Kaingu hakuwahi kulitamka.

"Ameona aibu," alisema Terry, aliyekuwa akiuza vyombo vya jikoni mlango wa pili kutoka karakana. "Kukulisha mihogo gizagiza anaweza. Siku ya kukaa na wewe mbele ya wakubwa, akajificha."

"Terry, hajaniahidi kitu."

"Basi ndiyo ubaya wenyewe. Mtu wa hivyo hata huwezi kumlaumu."

Eddah alicheka, ila jioni hiyo alichomelea bomba moja mara tatu, na mara zote tatu lilivuja.

Jumanne iliyofuata alikwenda Mama Ngina. Kaingu hakuja. Ujumbe ukaingia: "Siji leo. Si kwa kuwa sitaki. Kaingu."

Eddah aliusoma mpaka kioo kikazima, akajibu: "Sawa." Akala mihogo peke yake. Haikuwa na ladha.

Siku ya kumi na mbili baada ya mahojiano, saa tano asubuhi, ujumbe mwingine ukaingia: "Hongera Eddah Odera. Umechaguliwa na Mpango wa Nyanyua." Alimwonyesha Terry. Terry akamkumbatia na grisi zake zote, na magauni yao ya vijora yakachafuka pamoja. Alingoja Kaingu apige. Hakupiga.

Kesho yake aliyepiga alikuwa Bi Mahira.

"Mwanangu, njoo ofisini saa nane. Kumeletwa malalamiko juu yako."

Alipoingia, alimkuta Bonface ameshakaa. Bonface alikuwa fundi mwenzake wa Bondeni, na mkewe aliomba nafasi ileile akaikosa. Karibu na dirisha alisimama Kaingu, amevaa shati jeupe, amekonda. Hakumtazama Eddah.

"Bonface, sema mbele yake ulichoniandikia," Bi Mahira akasema.

Bonface akakohoa. "Mama, mimi sina ugomvi na Eddah. Lakini mtaa mzima umemwona na huyu bwana huko Mama Ngina, tena si mara moja. Picha ninayo. Mke wangu alijaza makaratasi wiki mbili, halafu nafasi inakwenda kwa rafiki wa ofisa. Ingekuwa ni mke wangu aliyepewa hivyo, Eddah naye angeuliza."

Eddah alihisi masikio yanawaka. Alifikiria wateja wake, maduka ya samaki, akina mama wa Buxton walioanza kumwita fundi badala ya yule msichana. Maneno haya yakitoka nje, nani angeamini kwamba alijua kazi?

"Narudisha nafasi, Bi Mahira," akasema. "Mpe mwingine. Nitaendelea na chumba changu."

"Usinirudishie kitu ambacho sijakuomba." Bi Mahira alifungua faili. "Kaingu, yaliyomo humu ni siri yako. Niyasome?"

"Soma, Bi Mahira."

"Mwenzetu mmoja alipougua, nilimwomba Kaingu aingie mahali pake kwenye mahojiano. Hapa kwetu kila anayechagua waombaji hujaza fomu kwanza, aseme kama ana uhusiano na yeyote kati yao. Kaingu alinirudishia yake siku sita kabla ya Eddah kuja hapa, barua za kuwaita waombaji zikiwa zimeshatumwa. Muhuri wa tarehe ni huu, Bonface, utazame mwenyewe."

Bonface akautazama, akaitikia kwa kichwa.

Bi Mahira akavaa miwani, akasoma bila kupandisha sauti. "Jina la mwombaji: Eddah Odera. Eleza uhusiano: Ninampenda. Yeye hajui. Sitamwambia mpaka ombi lake liamuliwe, asije akadhani anachopewa na ofisi na anachopewa na mimi ni kitu kimoja. Naomba niondolewe, na faili lake nisilione."

Kaingu alikuwa akitazama nje, shingo yake imeloa jasho.

"Faili hakuliona," Bi Mahira akasema. "Na Eddah alishinda kwa jibu moja alilonipa, ambalo mkeo naye nitamweleza akija, maana duru ya pili inafunguliwa Agosti na namtaka aombe tena. Una neno jingine?"

"Sina, mama." Bonface akasimama. Akampa Eddah mkono. "Nisamehe, fundi. Sikujua."

"Hata mimi sikujua," Eddah akasema.

Alishuka ngazi upesi. Kaingu alimfikia uchochoroni, mbele ya duka la manukato.

"Eddah, ngoja."

"Wa kwanza kujua ni Bi Mahira," Eddah akasema, akigeuka. "Wa pili, mwenzake wa mahojiano. Wa tatu, Bonface. Hata Bonface, Kaingu! Mimi nimekuwa wa nne."

"Ndiyo."

"Jana majibu yalipotoka ungeniambia."

"Jana nilikuwa nimeshavaa viatu nije Bondeni. Malalamiko yakafika kabla sijatoka mlangoni. Nikaona nikija, nitakuharibia kabisa."

"Mimi nilidhani unanionea aibu."

Kaingu akashtuka kwelikweli. "Aibu? Nyanya yangu Kaloleni anajua mpaka aina ya gesi unayojaza kwenye friji."

"Basi nimekuwa wa tano."

Kaingu akacheka, naye Eddah akashindwa kujizuia. Muuza manukato akachungulia, akarudi ndani.

"Sasa fomu sitaki," Eddah akasema. "Nataka kusikia."

Kaingu akajifuta jasho. "Nakupenda, Eddah. Tangu ile Jumanne uliyonibishia mbele ya darasa, na ukawa umesema kweli."

"Nami nakupenda. Na nilikuwa nimesema kweli."

Mwezi wa saba Kaingu alikwenda Buxton, nyumbani kwa kina Eddah, na wazee wake wawili. Mzee Nicanor Odera, aliyekuwa ametumikia reli miaka thelathini kabla ya kustaafu, aliwapokea sebuleni, akawapa chai, kisha akamtazama Kaingu.

"Kijana, nasikia uliiandikia ofisi kabla ya kumwambia binti yangu."

"Ni kweli, mzee."

"Na mimi je? Utaniandikia au utasema?"

"Nitasema, mzee. Nimekuja kumwomba Eddah awe mke wangu. Karakana ni yake. Sitaigusa ila akiniita kunyanyua friza."

Mzee Nicanor akanywa chai yake yote kabla ya kujibu. "Atakuita sana," akasema. "Ni nzito."

Walifunga ndoa Disemba. Joto la siku hiyo lilikuwa la kuyeyusha mafuta ya nywele, na watu walipokuwa wanaingia ukumbini, Terry akaja mbio hadi kwenye meza ya maharusi.

"Friza ya ukumbi imekufa. Soda zote ni za moto, na wageni wa Kaloleni ndio wanashuka."

Eddah akainua gauni lake kwa mikono miwili, asimame. Kabla hajapiga hatua, Cynthia na Nanjala, mafundi wake wawili aliowaajiri Juni, walikuwa wameshafika mbele yake. Cynthia alikuwa amevua viatu. Nanjala alikuwa na bisibisi mkononi, na Mungu ndiye anayejua aliitoa wapi kwenye nguo ile ya harusi.

"Keti, bosi," Nanjala akasema. "Umeajiri watu."

Eddah akaketi. Kaingu akamshika mkono chini ya meza. Nusu saa baadaye, Cynthia alitokea mlango wa jikoni, akawainulia kidole gumba, na chakula kilipokuwa kikiliwa soda zikaanza kuletwa za baridi, chupa zinatoka jasho.