Mgeni Aliyemmaliza Mwenyeji

Haya yalimpata mdogo wangu, tuliyenyonya ziwa moja, nami nayasema kwa kicho wala si kwa kumcheka. Mwenye msiba nyumbani mwake na anisikilize.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua limetulia, watu wananunua sabuni na kusalimiana. Nilimsindikiza kwenye duka la vipuri vya kompyuta. Mkewe tulikuwa tumemzika mwanzoni mwa mwaka, na tangu siku ile binti yao, tuliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo, hakutamka neno. Marehemu, katika ugonjwa wake, alikuwa amemrekodia mtoto hadithi kwenye kompyuta yake kuukuu. Kompyuta ile nayo ikafa. Mdogo wangu alikuwa amewahi kunakili diski yake nzima, lakini programu iliyozishika zile sauti haikukubali kufunguka katika mashine yoyote ya leo.

"Ndiyo maana najenga mashine kubwa, kaka," alinieleza njiani. "Ndani yake nitaiwasha ile ya mama Chiriku kama ilivyokuwa. Kompyuta ndani ya kompyuta. Hii kubwa ndiyo mwenyeji, ile ya ndani ni mgeni."

Muuzaji alimtazama akipanga vipuri juu ya kaunta: ubao mama wenye nafasi tele, diski mbili ili moja ikifa nyingine ibaki, na vijiti vya RAM, yaani kumbukumbu ya mashine, vya kujaza kiganja.

"Fundi, hii ni kompyuta au nyumba ya kulala wageni?"

"Mgeni ni mmoja tu, dada."

"Mmoja, na prosesa ya kori kumi na sita, kama bongo kumi na sita? Huyo anakuja na ukoo mzima."

Tulicheka. Kisha yule dada akaacha kucheka. "Lakini mwachie mwenyeji RAM yake. Ukimpa mgeni yote, mwenyeji anakufa, na mgeni anakufa naye."

"Nalijua hilo. Mimi huwafundisha wengine."

Alilijua kweli. Shikeni neno hilo.

Jumapili, baada ya ibada, aliiwasha ile mashine sebuleni kwake, madirisha wazi, Chiriku amekaa mkekani. Kwenye kioo likafunguka dirisha dogo, na ndani yake picha ya maua aliyoipenda marehemu. Kisha sauti yake, iliyokauka kwa homa: "Chiriku wangu, sogea nikuhadithie."

Mtoto aliinua uso.

Sauti ikakwama. Mgeni ameishiwa RAM, alisema mdogo wangu, akamwongezea. Sentensi moja ikapita, ikakwama tena. Midomo ya Chiriku ilikuwa imefunguka. Akaongeza. Ikakwama.

Nilimshika bega. "Mdogo wangu, yuko mfalme aliyemwendea mwanamke wa kupandisha wafu. Alijibiwa. Kesho yake alianguka vitani na wanawe."

Alininong'oneza bila kugeuka. "Kaka, mfalme yule hakuwa na mtoto bubu."

 Mimi mhubiri nikauondoa mkono begani pake.

Akampa mgeni yote.

Feni zilinyamaza. Taa ya kasha ikazimika. Kibodi haikuitika. Mwenyeji alikuwa amekufa, kama alivyoonya yule dada. Niliung'oa waya wa kasha ukutani kwa mkono wangu.

Dirisha la mgeni likabaki linang'aa.

"Haitoshi," ilisema sauti.

Tukatazamana.

"Baba Chiriku. Haitoshi."

Marehemu alirekodi hadithi za mtoto tu. Kwa mumewe hakuacha hata neno.

Mdogo wangu alipiga magoti. Akaweka kiganja juu ya kasha, polepole, kama mtu anayepima homa. "Chukua yangu," akanong'ona.

Niliita jina la Bwana. Niliita kwa nguvu zangu zote. Kioo kikawa cheusi. Mkekani, nyuma yangu, sauti ndogo ikasema, "Hadithi imeisha?"

Chiriku alikuwa amesema.

Baba yake hajasema tangu hapo. Anapumua, humeza akilishwa, nami humwosha kama tulivyooshana utotoni. Simhukumu. Aliomba mkate kwa ajili ya mwanawe, akagonga mlango usiostahili kugongwa. Nyumba iliyoachwa wazi kwa ajili ya mpendwa, ajuaye atakayeingia ni Mungu peke yake.

Kasha nimelifungua mwenyewe. Nimetoa ubao, diski, RAM, kila kitu. Limebaki bati tupu pembeni mwa sebule yangu. Baridi lote, isipokuwa mahali pamoja juu yake. Pana joto, na pana umbo la kiganja.

Chiriku huongea siku nzima sasa. Jana, nikiwa nasali, alikuja akaushika mkono wangu, akaugeuza, akautazama sana.

"Baba mkubwa," akasema, "mama anasema kiganja chako ni kikubwa kuliko cha baba."