Kengele ya Tramu ya Mwisho

Ndoano ilining'inia tupu. Kengele ya shaba, kubwa kama sufuria ya ugali, haikuwapo barazani pa kituo cha zamani cha tramu, na Bwana Whitcomb, mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba wa Beechmere, alikuwa ameshampata mwizi.

"Ni yule mkata majani," alisema. "Tazama sakafuni."

Inspekta Sebagabo akatazama. Majani makavu. Akatazama na barabarani, ambako pazia la nyumba ya tatu lilikuwa limesogea tena. Miaka yote hii hapa Columbus, Marekani, beji iko mfukoni, na bado mtu alikuwa amepiga simu kuripoti mweusi anayezurura kituoni. Mweusi huyo ndiye polisi mwenyewe.

Beechmere ni kitongoji kidogo cha kaskazini, ukishapita Clintonville. Tramu ndiyo iliyokizaa. Kampuni ilitandika reli hadi mashambani, ikauza viwanja kandokando. Wanunuzi wakapanda miti, wakajenga mabaraza mapana. Hayo yamechongwa kwenye kibao pale kituoni. Kisichochongwa ni sharti la viwanja: mweusi kupika, apike, kufua, afue, kulala, hapana. Wachonga vibao huchonga wanachopenda kukumbuka. Kilichobaki wanatuachia sisi.

Mwezi uliopita chama kilianza kuigonga tena kengele hiyo, kila saa kumi na mbili jioni, kusherehekea miaka mia.

"Kuna aliyelalamika?" Sebagabo aliuliza.

"Nani alalamikie urithi? Mmoja tu. Yule mama anayemtunza kikongwe wa nyumba ya kona."

Masumbuko, yule mkata majani, alikuwa ameshawekwa ndani kituo cha polisi. Alisimama Sebagabo alipoingia.

"Shefu, mimi nakata majani tu."

"Majani yako yalifikaje barazani?"

"Yangu? Mashine yangu inasaga majani kama sombe, kisamvu cha kinuni! Haya ni marefu, shefu. Angalia."

"Unaogopa nini?"

"Wiki ijayo ni mahojiano yangu ya uraia. Mwizi, nani atamupa uraia? Mke wangu ameshanunua na bendera."

Sebagabo akayatoa majani aliyookota barazani, akayaangalia kwenye mwanga. Hayakukatwa. Yaling'olewa na mizizi yake, yakasokotwa: mabaki ya kizibo.

Akaujua msokoto huo. Milimani kwao, Kivu Kusini, ng'ombe wakipitishwa karibu na wenye bunduki, mchungaji hung'oa majani, akayasokota, akaiziba kengele ya ng'ombe kiongozi ili ulimi usigonge. Masumbuko ni mtoto wa Butembo, wa ukoo wa wauza viatu. Ng'ombe alimjulia kwenye sahani.

Mtu wa milimani aliyefanya kazi Beechmere alikuwa mmoja: Gaju, yule mama mtunzaji.

Gaju alimfungulia mlango wa nyumba ya kona akitabasamu. "Karibu, mwana wa kwetu. Nikupe maziwa?"

"Leo sinywi, mama."

Tabasamu likaondoka. Mtu wa milimani hakatai maziwa bure.

"Nani alichunga kwenu?"

"Mimi. Baba hakuwa na wavulana."

"Kengele mliiziba kwa nini?"

"Umetoka mbali hivyo kuniuliza majani?"

"Masumbuko yuko ndani, mama."

"Masumbuko yupi?"

"Mkata majani. Walikuta majani sakafuni, basi, wakamkamata. Na wiki ijayo ni uraia wake."

Gaju akaketi kama aliyesukumwa. "Yesu wangu. Donc, kumbe mimi ndiye niliyemfunga?"

"Iko wapi?"

"Chini ya kitanda cha Bibi Odessa. Niliichukua mchana kweupe, kwenye kiti cha magurudumu ninachomtembezea. Ameipakata chini ya blanketi, Whitcomb huyo huyo anatupungia mkono!"

"Kwa nini, mama?"

Gaju akamwonyesha kikongwe dirishani.

"Alipika hapa akiwa msichana. Kengele ile ilikuwa ya tramu ya mwisho. Mweusi aliyeachwa nyuma, polisi walimkamata. Bon, haya, sasa mjukuu wake amenunua nyumba hapa hapa, lakini akili ya mama huyu imerudi kule. Ikilia tu, anaruka kutafuta koti. Analia, 'Watanishika!' Juzi alianguka kwenye ngazi. Nilimwambia Whitcomb, nikarudia. Akasema ni sauti tamu ya zamani."

"Ungekuja kwetu."

"Kwenu wapi? Kwa polisi?"

Sebagabo akatoa daftari. Aliandika maelezo yake, akampa hati ya kuitwa mahakamani, akaibeba kengele. Masumbuko akafunguliwa kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyemwomba radhi.

Whitcomb alikuja mbio kituo cha polisi. "Toeni hayo majani! Tutaigonga leo jioni."

"Haiwezekani. Ni kielelezo. Kinabaki kama kilivyokutwa mpaka kesi iishe."

"Itaisha lini?"

"Mahakama ina foleni. Na ninyi si watu wa historia? Subirini."

"Ninaweza kuifuta kesi!"

"Basi ifute. Lakini itafutwa mbele ya hakimu, naye atamuuliza yule mama kwa nini aliichukua, na waandishi watakuwa wamekaa pale."

Whitcomb akaenda zake. Kesi hakuifuta.

Jioni hiyo Sebagabo alipita nyumba ya kona. Gaju akamkaribisha ndani. Alimletea gilasi ya maziwa. Saa kumi na mbili ikafika, ikapita. Bibi Odessa aliendelea kutazama miti, mikono imetulia mapajani. Koti lake lilikuwa kwenye msumari.

Sebagabo akanywa.