Daftari Lililotaja Kila Kitu

Kila Jumatatu asubuhi, Papa Lambert alifungua dirisha la dispensari ya kanisa, huko Panda, Likasi. Alisafisha koo, akafungua daftari, akaita:

«Kabange Damas! Asili, Kasai! Ugonjwa, kifua!»

Sauti ile! Ilifika mpaka barabarani. Zamani Lambert alikuwa pointeur, mtu wa kuita majina ya wafanyakazi kabla hawajaanza kazi. Kazi ilipokwisha, kama kazi nyingi zilivyokwisha miaka ile, kanisa lilimpa dirisha na daftari. Akaita wagonjwa kama alivyoita wafanyakazi. Asili na ugonjwa aliongeza mwenyewe, kwa sababu kulikuwa na akina Kabange wawili, naye hakupenda kukosea.

Mwaka huo wa 1995, mambo mawili yalimchanganya kichwa.

La kwanza ni binti yake Christiane. Alikuwa amesomea kompyuta Kinshasa. Masomo yaliposimama, akarudi nyumbani na vitabu vyake. Majirani waliuliza anafanya kazi gani, na baba hakuwa na jibu.

«Christiane, hii kazi yako ni ya namna gani?» alimwuliza siku moja wakila bukari. «Masini hauna. Hata umeme wa Mwadingusha unakuja ukipenda!»

«Minatafuta namna ya kuchunga siri ya bantu, papa. Ile bantu banaandikisha: jina, ugonjwa, kwabo. Kesho bintu yote itaingia mu masini. Nani ataisoma?»

«Eee Mungu! Nilikutuma kusoma masini, unarudia na habari ya siri!»

Christiane alicheka. Baba hakucheka.

Jambo la pili lilikuwa Mama Mbombo, jirani yao, mjane. Alikuwa na kifua kikuu. Dawa yake ilikuwa ya miezi minane, na muuguzi, Mama Adrienne, alikuwa amemwonya: ukiiacha katikati, ugonjwa unarudi na nguvu, unaweza kukuua. Mbombo alikuja miezi miwili. Kisha Jumatatu mbili zikapita bila yeye. Lambert aliita jina lake kwa nguvu zaidi, pengine hakusikia. Wapi! Mbombo hakuja.

«Dawa ni ya bure,» Lambert alilalamika. «Muntu anakataa uzima wa bure? Sielewe.»

Christiane alikuja Jumatatu iliyofuata, akakaa kwenye benchi na wagonjwa. Alisikiliza. Aliona pia daftari limelala wazi dirishani, na kila aliyepita akichungulia. Baba alipofunga dirisha, binti alisema, «Papa, twende kwa Mama Mbombo.»

Walimkuta ameketi karibu na jiko lake la mbabula, akikohoa. Alikuwa amekonda.

«Jambo, mama,» alisema Lambert. «Dawa iko, weye hauko. Juu ya nini?»

Mbombo alitazama makaa.

«Papa Lambert, minakuheshimia. Lakini weye unaita jina yangu, unaita Kasai, unaita kifua. Bantu bote banasikia. Jirani banakataza batoto yabo kuingia kwangu.»

«Lakini njo kazi yangu, mama!»

«Ngoja nimalize. Mu mwaka wa makumi tisa na mbili, wakati balitufukuza sisi bantu ya Kasai, balikuya hapa na karatasi. Jina ya bwana yangu ilikuwa mule, na asili yake pembeni, muzuri kabisa. Bwana yangu alikufa ku gare, tukingoja treni. Minye nilikosa nguvu ya kusafiri, nikarudia hapa. Ile karatasi ilitoka wapi? Mpaka leo sijue. Lakini nikisikia asili yangu inasomwa, minakimbia.»

Lambert aliinuka, binti nyuma yake. Aliaga haraka, akatoka.

Njiani alisimama. 

«Christiane. Mwaka ule nilikuwa na daftari ya misaada ya kanisa, majina na asili mule. Bijana wawili baliniomba ile daftari kwa siku mbili. Sikuuliza ni ya nini. Balinirudishia, na aksanti juu yake. Ni ile? Niambie, ni ile?»

«Sijue, papa. Pengine hapana. Hakuna mwenye atajua.»

Lambert alilia pale barabarani, mtu mzima, bila kujificha.

Christiane alimvuta pembeni ya barabara. Kisha akasema polepole, «Njo ile minatafuta mu masomo. Muntu anasema siri yake juu ya kupata dawa. Isitoke pale kwenda kumuua fasi ingine. Sasa niambie: muntu akimeza dawa, unahitaji asili yake?»

«Hapana.»

«Basi usiandike. Ile haikuandikwa, hakuna mwenye ataiiba.»

«Na akina Kabange wawili?»

«Kila mugonjwa utamupa namba, ku kakaratasi.»

Siku hiyo hiyo walifanya kazi na Mama Adrienne. Daftari la kwanza liliandikwa namba na dawa tu. La pili liliandikwa namba na jina. Hilo lilifungiwa sandukuni, na ufunguo ukakaa kwa muuguzi. Daftari la zamani, Lambert alilichoma mwenyewe, karatasi moja moja.  Miaka yote alidhani daftari zuri ni lile lenye kila kitu.

Jumapili alimpelekea Mbombo karatasi yake mkononi. Namba kumi na saba. Hakuishia hapo. Alimweleza habari ya vijana wawili, yote, macho chini.

Mbombo alichochea makaa ya mbabula.

«Sijue nikuambie nini,» alisema mwishowe. «Acha karatasi pale. Enda.»

Lambert alirudi nyumbani bila kujua kama mama yule angeishi.

Kesho yake alifungua dirisha. Hakupiga kelele.

«Namba tano.»

«Papa Lambert!» mama mmoja alimtania. «Leo tumekuwa nyumba, tunaitwa namba?»

Watu wakacheka. Akaita kumi na mbili, akaita kumi na sita. Alipofika namba iliyofuata, alitazama foleni kwanza.

«Kumi na saba.»

Akaita tena. Kisha mtu alikohoa nyuma ya foleni. Mbombo alikuja, akaweka karatasi dirishani, akapokea dawa. Hakumtazama usoni. Lakini alikuja, na Jumatatu iliyofuata akaja tena. Muuguzi alimwanzishia matibabu upya, na taratibu mwili wake ukarudi.

Mwaka uliofuata, Christiane alikuwa amerudi Kinshasa. Mwalimu wake alikuwa amesoma barua yake kuhusu yale madaftari mawili, akamchukua afanye utafiti pamoja naye. Siku moja wanaume wawili wasiojulikana walisimama kwenye dirisha la Lambert.

«Mzee, tunataka majina ya wagonjwa, na asili yao.»

Lambert aliwasukumia daftari. Waligeuza kurasa. Namba, vidonge. Namba, vidonge.

«Asili iko wapi?»

«Haimo.»

«Na majina?»

«Ni ya nini?» aliuliza Lambert. 

Walifunga daftari. Walitazamana, wakaenda.

Kwenye foleni, Mbombo alikuwa amesikia yote. Ilikuwa Jumatatu yake ya mwisho, miezi minane imetimia. Alimrudishia Lambert karatasi yake, na kwa mara ya kwanza akamtazama machoni.

«Papa Lambert, ule Christiane wako, anafanya kazi gani kule Kinshasa?»

Safari hii baba alikuwa na jibu.

«Anafundisha bantu kuuliza ‹ni ya nini?› mbele ya kuandika, na mbele ya kupana.» Akainamisha kichwa. «Minye sikuuliza, mama.»

«Leo umeuliza,» alisema Mbombo, akaenda zake nyumbani.