Tairi Pana za Nyuma Zilivyoniulia Kaka

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mbili, mkulima na mwenye duka dogo hapa Mukuyuni. Kanisani wananiita mzee na ninakaa benchi la mbele. Lakini wasomaji wenzangu, kabla hamjaniheshimu, sikilizeni kwanza nilichofanya. Miaka kumi na mitatu nimekuwa na jambo kooni ambalo limekataa kushuka...

Kaka yangu Kimeu ndiye aliyenilea. Baba alikufa nikiwa darasa la tatu. Kimeu akaacha shule akachunga ng'ombe wa watu ili mimi nisome. Nilipokuwa mtu mzima akauza fahali wake wawili, tukanunua gari kuukuu la mzungu mmoja wa mradi wa maji aliyekuwa anarudi kwao.

Lilikuwa gari la aina ile ambayo magurudumu yote manne yanavuta wakati wote. Hakuna kuzima mawili ili mawili yavute! Nilibeba mbaazi na wagonjwa kati ya Matiliku na Mukuyuni. Anayejua Ukambani anajua kwamba mto ukikauka unageuka barabara, na mchanga wake unameza magari.

Basi tairi za nyuma zikaisha. Sokoni nikapata mbili pana sana, pamoja na rimu zake, zilizotolewa kwenye gari kubwa zaidi. Kila dereva wa huku aliapa kwamba tairi pana haizami mchangani. Mbele nikaacha zile nyembamba, ili usukani uwe mwepesi. Woi, nilivyojiona! Gari lilikuwa limeinua matako juu kama ndume anayetafuta vita.

Siku ya kwanza mtoni nilipita huku wenzangu wakichimba kwa majembe. Wanawake waliokuja kuteka maji walipiga vigelegele. Sasa nani angeniambia kitu? Mchanga wenyewe ulikuwa umenipa cheti!

Mtu mmoja aliniambia. Alikuwa fundi wa kituo cha Salama, kwenye barabara kuu, mzee wa Kiislamu aliyetoka kaskazini, tulimwita Mzee Abdi. Nilimpelekea gari kwa sababu nilipokata kona kwenye lami lilikuwa linajivuta, linaruka ruka, kama ng'ombe anayekataa boma. Na kulikuwa na harufu... harufu ya oili iliyoungua.

Mzee Abdi alizunguka gari mara moja tu.  Kisha akasema, "Kijana, wallahi hili gari utalitoa roho. Hiyo pana si pana tu, ina kimo kirefu pia. Ya mbele inazunguka mara nyingi kuliko ya nyuma, na zote zimefungwa kwa gia moja hapa katikati. Mchangani tairi zinateleza, gia zinapumua. Kwenye lami hakuna kuteleza. Zitagombana ndani kwa ndani mpaka siku moja zikamatane."

Nilimuuliza zikikamatana itakuwaje. Alifunga ngumi yake ghafla. Aliniambia nitafute tairi nne za saizi moja, na mpaka nizipate, nisilipeleke gari kwenye barabara kuu hata siku moja.

Je, nilifanya hivyo? Wapi! Nilisema moyoni kwamba huyo mzee hajui mchanga wa kwetu. Kusema kweli, niliona aibu. Ningerudije sokoni na tairi nyembamba baada ya kujigamba vile?

Wakati huo nilikuwa nimeshapata mchumba, Mwende, ambaye kwao ni ng'ambo ya Emali. Kwetu Wakamba, msichana si mke wako mpaka upeleke ntheo, mbuzi watatu wa kufungua ndoa. Bila hao mbuzi, hata mkizaa watoto kumi, ni wa kwao. Na kwa kuwa baba hakuwepo, aliyesimama mahali pake alikuwa Kimeu. Tulikuwa tumeahirisha mara mbili. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyekuwa anamzungukia Mwende, na kwao walianza kuuliza kama mimi ni mwanamume wa maneno au wa mbuzi.

Jumamosi ile asubuhi Kimeu alivaa koti lake la harusi, akachukua ufunguo wa gari aendeshe mwenyewe. Mimi nilibaki nyumbani, maana mambo ya ntheo ni ya wazee kuongea. Mjomba wetu alikuwa atamngoja Salama. Mbuzi walikuwa wamefungwa nyuma, wanalia... walilia vibaya asubuhi ile, na hakuna aliyewachapa. Mama Musyoka, mke wa Kimeu, alisimama mlangoni na mimba ya miezi saba akasema hapendi mlio wa gari hilo. Lilikuwa linaimba chini, wimbo mwembamba usiokatika.

Kimeu akanigeukia. "Mwana wa mwaitu, mtoto wa mama yangu, fundi alisema nini?"

Wasomaji, nilikuwa na nafasi. Sentensi moja tu! Nilijua kwamba kuanzia kabla ya Salama hadi Emali ni lami tupu, tena yenye mteremko. Nilijua! Lakini niliwaza juu ya Mwende, nikawaza juu ya yule mwalimu...

Nikasema, "Amesema liko sawa."

Kaka alicheka, akanipiga begani. Akasema leo ananiletea mke. Ndivyo nilivyomwona mara ya mwisho akiwa amesimama kwa miguu yake.

Hakufika hata Salama kumchukua mjomba. Kilomita chache tu baada ya kuingia lami, kwenye mteremko, gia zilikamatana. Magurudumu manne yakasimama kwa pamoja kama yamepigiliwa misumari! Waliokuwa wanauza matunda kando ya barabara walisema walisikia mlio wa chuma, kisha gari likazunguka na kulala korongoni. Mbuzi wote walikufa. Kimeu alitolewa akiwa hai, uti wa mgongo umevunjika.

Aliishi siku nne hospitalini. Sikuweza kukaa naye tukiwa wawili tu. Kila mara nilijitafutia kazi, mara maji, mara daktari. Mimi muoga! Siku ya nne alifariki.

Halafu maneno yakaanza. Watu walisema Kimeu alikuwa anakimbiza gari. Walisema ulevi wa lami, mtu wa ng'ombe akipewa usukani... Na mimi nilifanya nini? Niliinamisha kichwa. Nilikubali! Kwenye mazishi mzee mmoja aliwaonya vijana wasiendeshe "kama marehemu", nami nikaitikia amina.

Kwao Mwende walisema ndoa haifunguliwi kwa damu. Mwaka huo huo aliolewa na yule mwalimu. Sikulalamika. Ningemlalamikia nani?

Mwezi uliopita nilishindwa. Nilikwenda kwa Mama Musyoka, nikamkuta anapepeta mbaazi. Nikapiga magoti palepale kwenye makapi, nikamwambia yote. Hakuacha kupepeta.

Akasema, "Fundi Abdi alikuja hospitalini siku ya tatu. Alimwambia Kimeu mbele yangu."

Ngai! Nilitamani ardhi inifunike. Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii.

"Kimeu alinikataza. Alisema utakuja mwenyewe. Mimi nimekuwa nikikungoja." Kisha akaweka ungo chini. "Lakini si mimi wa kuambiwa. Nenda ukawaambie watoto wake."

Nilianza na Musyoka, kifunguamimba, ambaye sasa ana miaka ishirini. Hajawahi kushika usukani. Shuleni walimtania kwamba damu yake ni ya watu wa ajali, akaamini. Nilimwambia kila kitu, nikingoja anipige. Ningefurahi angenipiga.

 Halafu akauliza, "Kwa hivyo baba hakuwa anakimbiza gari?"

Nikamwambia hakuwa. Alilia kama mtoto mdogo, kijana mrefu vile.

Ndugu zangu wenye magari ya kuvuta kwa miguu yote minne, nawasihi, msichanganye tairi. Msidanganywe na mchanga wala na makofi ya sokoni. Fundi akikwambia jambo, lifikishe kwa anayeshika usukani kama lilivyo, hata kama litakuaibisha, hata kama litakukosesha mke. Aibu ya siku moja ningeimaliza jioni ileile nikala na kulala. Hii nyingine nimeiweka juu ya mtoto wa kaka yangu, na ameibeba tangu alipokuwa na miaka saba.