Jumapili ya Zamzam

Mchana ule mgahawa wa Mtaa wa Msimbazi ulijaa wachukuzi na wenye maduka. Zamzam, mhudumu, alipita katikati ya meza na sahani tatu za pilau, mtandio wake wa kijani umekaa sawasawa, mwendo haupungui. Anuari, dereva wa foklifti, gari la kuinulia mizigo bandarini, aligeuka ghafla akamgonga kiwiko. Sahani moja ikamwagikia shati lake mwenyewe.

"Pole, kaka. Umeamua kuivaa?"

"Niletee nyingine, hiyo nitaila."

Kuanzia hapo hakula kwingine. Wakaanza kupigiana simu, wakapendana. Tatizo likawa ahadi. Zamzam hakuwa na zamu ya kudumu. Kila alfajiri bosi alimtumia ujumbe: njoo, au usije, na siku ya usije haikulipwa. Mara tatu alimwahidi Anuari matembezi, mara tatu akaitwa kazini ameshavaa gauni la kutokea.

"Kama kuna mtu mwingine niambie," Anuari alisema kwenye simu.

"Ni bosi. Nikikataa zamu moja, wiki nzima siitwi."

"Kila mara bosi, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi huku unaniona mwongo." Akakata.

Siku kumi hawakuongea. Ya kumi na moja Anuari alishindwa, akaenda mgahawani asubuhi. Alikuta wahudumu wote saba wamesimama barazani, sare zimepigwa pasi. Zamzam alikuwa mbele, akizungumza na bosi bila kupandisha sauti.

"Kazi tunaipenda, bosi. Tunaomba zamu za wiki nzima ziandikwe mapema, na aliyepangwa alipwe siku yake, hata wateja wakiwa wachache. Mpaka hapo hatuingii."

Bosi aliwatazama wateja waliokuwa wakisubiri chai. Akawatazama wahudumu, hakuna aliyeinamisha macho. Akaomba kalamu na karatasi, akaandika zamu za wiki nzima.

Anuari aliona aibu. Huyu ndiye aliyemdhania mwongo. Akamsogelea.

"Nilikukosea, Zamzam. Nisamehe."

"Nilishakusamehe tangu juzi. Nilikuwa na shughuli tu."

"Nataka kuleta wazee wangu kwenu. Lini utakuwa na nafasi?"

Zamzam alinyoosha sare yake, akaitupia jicho karatasi ya zamu, akatabasamu taratibu.

"Jumapili," alisema. "Waambie waje bila wasiwasi. Nitakuwepo."

Kisha akaingia kazini, kichwa juu.