Siku Friza Ilipokwenda Dukani

Kila siku baada ya shule, Profesa alivua sare, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaketi mkabala na mama yake kwenye meza ya jikoni. Mama alimimina maji ya matunda kwenye vifuko vya plastiki, Profesa akavifunga. Fundo la Profesa halikuvuja hata siku moja, na yeye mwenyewe hakuchoka kulitangaza jambo hilo. Beseni likijaa, vifuko vilihamia kwenye friza nyeupe iliyosimama pembeni mwa sebule, na kesho yake vikatoka vikiwa barafu ngumu za kuuzwa dirishani na kwenye shule ya jirani.

"Profesa" halikuwa jina lake, lakini nani alilikumbuka jina lake? Binti huyu alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, na ulimi wake haukujua likizo. Mgeni akisema leo kuna joto, yeye huuliza joto kiasi gani. Mama alimpa jina hilo kwa mzaha, mtaa mzima ukalidaka, na mwenyewe akalipenda kupita kiasi.

Sasa basi, umeme wa mtaa ule ulikuwa na kiburi chake. Ulikuja ulipotaka, ukaondoka bila kuaga. Mara nyingi ulirudi kabla barafu hazijalainika, watu wakashukuru, maisha yakaendelea. Lakini wiki hiyo uliondoka ukanogewa huko ulikokwenda. Uliporudi, Mama alifungua friza akakuta barafu zote zimekuwa maji ya vuguvugu, tena yamechacha. Walivimwaga vifuko nyuma ya nyumba kimoja baada ya kingine, na harufu yake iliwakereketa pua.

"Mwalimu mkuu wa shule yenu ameagiza barafu za wanafunzi wote kwa michezo ya Jumamosi," Mama alisema huku akiipangusa friza kwa kitambaa. "Mwezi uliopita nilimwangusha. Nikimwangusha tena, atatafuta mtu mwingine. Na nikimkosa yule, mwanangu, friza hii naiuza, narudi kufua nguo za watu."

Profesa aliikumbuka mikono ya Mama ya wakati ule wa kufua, ilivyochubuka hata kushika kijiko kukawa taabu. Moyo ulimuuma sana.

"Tununue jenereta, Mama."

"Nimeliwekea akiba. Lakini ni akiba ya jenereta moja tu. Tukikosea kuchagua, hakuna la pili."

Jioni alikuja Mjomba, mdogo wake Mama. Mjomba alikuwa mpaka rangi wa nyumba, fundi hodari kweli kweli, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kila kitu duniani alikipima kwa rangi yake.

"Dada, nimekutafutia jenereta!" alisema hata kabla ya kukaa. "Kubwa, la rangi ya dhahabu. Rangi imelala hata nzi akitua anateleza."

"Linakunywa mafuta kiasi gani?" Mama aliuliza.

"Ah, hilo sikuuliza."

Profesa hakusubiri kukaribishwa kwenye mazungumzo. Aliinama nyuma ya friza, akasoma kibandiko, akarudi akiwa amenyoosha shingo. "Friza yetu inatumia wati mia mbili. Taa zetu, tuseme ishirini. Jumla mia mbili na ishirini. Pale dukani kuna jenereta dogo la buluu, limeandikwa wati mia saba. Linatosha na chenji inabaki! Tena bei yake ndogo, na mtu analibeba kwa mkono mmoja."

"Hesabu za darasani hizo," Mjomba alisema akibetua mdomo.

"Hesabu ni hesabu, Mjomba. Rangi haigandishi barafu."

Mama alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu barafu zimwagwe. "Hapo umepatikana, mdogo wangu. Mimi namwamini Profesa wangu. Kesho mchana nenda ukatuletee hilo la buluu." Akamkabidhi akiba yake, na Profesa akapita mbele ya Mjomba kwa madaha, kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Mjomba alipoondoka, Profesa alikaa sebuleni kufanya kazi za shule. Friza ilikuwa tupu, imeoshwa, Mama ameiwasha ipate baridi. Mara ikanguruma, na taa ya sebule ikafifia kidogo, kisha ikang'aa tena.

"Friza imeamka," Mama alisema bila kuinua macho. Ndivyo walivyosema siku zote nyumbani humo.

Kalamu ya Profesa ilisimama. Mbona taa hufifia friza inapoamka tu, kisha ikatulia? Kama friza ingekuwa inatumia wati mia mbili wakati wote, taa ingefifia wakati wote. Kumbe inapoamka inavuta umeme mwingi zaidi! Mwingi kiasi gani? Alikimbilia tena kile kibandiko. Hakikusema chochote kuhusu kuamka.

 Alitaka kusema, lakini sauti nyingine ndani yake ikanong'ona: nyamaza wewe, nani atajua? Huenda la buluu likatosha. Ukisema umekosea, Mjomba atakucheka mpaka uote mvi. Akanyamaza, akaenda kulala na neno lake kooni.

Asubuhi alimfuata mwalimu wa sayansi kabla ya kengele. Mwalimu alimsikiliza, akatikisa kichwa kwa kukubali. "Umeona vizuri. Kuinua gunia kunataka nguvu zaidi kuliko kulibeba likiwa tayari begani. Mota ya friza ni hivyohivyo, inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi."

"Mara ngapi, Mwalimu?"

"Ya kwenu sijui. Kila mota na tabia yake. Mkitaka uhakika, ijaribuni."

Profesa alishangaa. Mwalimu mzima kasema "sijui", na wala mbingu haikuanguka. Masomo ya siku hiyo yalipokwisha, alikimbia nyumbani kama aliyefukuzwa na nyuki. Alimkuta Mjomba mlangoni anafunga kamba za viatu, akiba ya Mama iko mfukoni mwake.

"Mjomba, subiri! Mama, hesabu yangu si sahihi." Akawaeleza yote, ya taa, ya gunia, hata jinsi alivyojua tangu jana akaona haya kusema. Maneno ya mwisho yalitoka na machozi.

"Profesa kafeli!" Mjomba alipiga kofi kwa furaha. "Si nilisema? Twende tukachukue la dhahabu."

"Na wewe hujui kama la dhahabu linatufaa," Mama alimkata. Hakucheka. Alimgeukia binti yake. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Vizuri umesema kabla fedha hazijatoka. Sasa tufanyeje?"

Profesa alipangusa macho. "Tuipeleke friza dukani."

"Tuipeleke wapi?" Mjomba aliuliza.

"Dukani. Mtu akinunua kiatu si anakwenda na mguu wake? Tuijaribu hukohuko."

Mama alimtazama Mjomba, Mjomba akautazama mkokoteni wake wa ndoo za rangi na ngazi. "Haya makubwa," alisema, akaanza kushusha ndoo.

Waliisimamisha friza wima juu ya mkokoteni, wakaifunga kamba. Mjomba alivuta, Mama akasukuma, Profesa akaishika isiyumbe. Huko barabarani sasa! Watoto wa darasani kwao walikuwa wamekaa kwenye ukuta, na walipowaona wakaanguka kwa kicheko.

"Profesa, mnahama?"

"Friza inaumwa nini? Mnaipeleka hospitali?"

Masikio ya Profesa yaliwaka moto, lakini hakuachia friza. "Inakwenda kununua jenereta!" alijibu. "Mnaweza kuja kushuhudia." Basi wakaja wote, na kinyozi aliyekuwa hana mteja akaja, na mama wa genge la mboga naye akamwachia jirani genge lake.

Muuza majenereta alikuwa mtu mnene mwenye kalamu sikioni. Alipoiona friza mlangoni alidhani wamekosea duka.

"Friza hatutengenezi hapa, mama."

"Haijaharibika, kaka. Tunataka kununua jenereta, ila tungependa kulijaribu kwanza kwa friza hii."

"Majenereta yangu nayajaribu mbele ya mteja." Akavuta kamba ya moja, likawaka, akachomeka balbu, balbu ikang'aa. "Mnaona? Ni zima kabisa."

"Shikamoo," Profesa alisema kwa adabu. "Lakini barafu zetu hatuzigandishi ndani ya balbu."

Umati ulicheka. Muuzaji naye, kwa kutaka kuficha aibu, akacheka. "Tangu nifungue duka sijaona mteja wa namna hii. Haya, leteni hiyo friza yenu!"

Walianza na la buluu. Liliwaka vizuri, likaimba sauti nyororo, na Profesa moyoni akaomba liweze, maana lilikuwa chaguo lake. Muuzaji akachomeka waya wa friza. Friza ikagutuka, jenereta likakohoa, likatetemeka, likazimika kimya.

"Uuuuh!" umati ukaguna.

Muuzaji akakuna kichwa, akajaribu mara ya pili, yakawa yaleyale. Profesa aliliangalia lile jenereta la buluu. Hilo ndilo lingekuwa nyumbani kwao usiku wa kuamkia Jumamosi.

"Sasa la dhahabu!" Mjomba alikunja mikono ya shati.

"Friza ipumzike kwanza," Mama alisema. "Fundi wetu alituonya tusiizime na kuiwasha papo hapo, mota itaungua." Wakasubiri, na walivyozidi kusubiri ndivyo watu walivyozidi kujaa, kila mmoja akiwa na ushauri wake.

La dhahabu liliwaka kwa ngurumo iliyofanya kinyozi azibe masikio. Friza iliamka bila taabu. Mjomba akaruka juu. Lakini Mama alisogea karibu na muuzaji, akapaza sauti, "Linakunywa kiasi gani?" Muuzaji alipomtajia, Mama alishika kiuno. "Hili litakunywa faida yote na barafu zenyewe. Zima, kaka, zima!"

Mjomba alinywea. Umati ukaanza kutawanyika, na Profesa akaona matumaini ya Mama yanaondoka nao. Alipekua duka kwa macho. Kule nyuma aliona jenereta la kijivu, limejaa vumbi, juu yake muuzaji ametundika koti.

"Na lile?"

"Lile? Ni zima, wati elfu mbili, halinywi sana. Ila halina sura, watu wanalipita tu."

"Hatutafuti mchumba, kaka," Mama alisema. "Lilete."

Safari hii hakuna aliyecheka. Friza ikapumzika. Muuzaji akavuta kamba, jenereta likawaka. Akachomeka na balbu moja pembeni, kisha friza. Jenereta likaguna, sauti ikashuka, balbu ikafifia. Profesa alimshika Mama mkono akaubana. Balbu ikafifia zaidi, halafu ikapanda, ikang'aa, na friza ikaanza kunguruma ngurumo yake ileile ya nyumbani!

"Imeamkaaa!" Profesa alipiga ukelele. Watu walipiga makofi na vigelegele kana kwamba timu yao imefunga bao. Wale watoto wa ukutani walimbeba Profesa juu juu, na Mjomba, ambaye alikuwa amekwisha kulisahau la dhahabu, akacheza mpaka kofia ikadondoka.

Akiba ya Mama ilitosha, na muuzaji alipokuwa akiwaandikia risiti, Mjomba alisema wataliweka jenereta ndani, sebuleni, wezi wasilione. Muuzaji aliweka kalamu chini. "Usithubutu! Moshi wake una sumu ambayo huisikii hata harufu. Inaua watu wakiwa wamelala. Likae nje, mbali na milango na madirisha."

"Mwizi akiliiba nitalia," Mama alisema. "Lakini sumu ikiniibia mtoto, je? Litakaa nje." Kesho yake Mjomba akajenga kibanda cha mabati mwishoni mwa uwanja wa nyumba, kilicho wazi pande zote, akafunga jenereta kwa mnyororo kwenye nguzo. Mabati akayapaka rangi ya dhahabu. Angeachaje?

Basi Ijumaa jioni, friza imejaa vifuko hadi juu, umeme ukaondoka bila kuaga. Mtaa mzima ukawa giza. Mjomba akavuta kamba, jenereta la kijivu likaguna, taa ikafifia, ikang'aa. Friza haikulala.

Jumamosi, barafu zilifika uwanjani ngumu kama mawe. Jua lilikuwa kali, watoto wametoka kukimbia, na foleni ilizunguka nusu ya uwanja. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuja na kifuko chake mdomoni.

"Mama, jana mtaa wote ulikuwa gizani. Umewezaje? Kuanzia leo barafu za shule hii ni zako, za mwaka mzima."

 Mama alimvuta binti yake karibu, akamwekea mkono begani mbele ya mwalimu mkuu na foleni nzima.

"Muulize huyu, mwalimu. Alikosea hesabu, akaja kuniambia kwa kinywa chake mwenyewe. Wajuaji ni wengi, hata mdogo wangu yule pale ni mjuaji." Mjomba aliinua mkono kukubali. "Lakini mtu wa kukwambia 'nimekosea' wakati bado unaweza kurekebisha, huyo ni hazina. Mwanangu, usione haya kukosea. Ona haya kunyamaza, kwa maana ungenyamaza wewe, jana jenereta nalo lingenyamaza."

Profesa aliona macho yanamjaa machozi, na safari hii hakuyaficha. Aliitazama mikono ya mama yake, laini na yenye baridi ya barafu, akajua haitarudi tena kwenye mabeseni ya nguo za watu.

"Haya, chozi baadaye," Mama alisema akimpa kapu. "Wape wenzako barafu, zinayeyuka."